Kimya Katikati ya Mstari

2 Novemba

Bado naisikia sauti ya baba. Haikuwa hata neno zima, ni mwanzo wa neno tu, ikipanda peke yake hadi darini mwa Kanisa Kuu wakati hapakuwa na sauti nyingine. Kisha ikakatika, kama mtu aliyefungua mlango akakuta chumba kina wenyewe.

Ilikuwa Sala ya Jioni, Siku ya Marehemu Wote, na kwaya ilikuwa katikati ya Zaburi. Hapa Harnchester kila mstari una nusu mbili, na baina ya nusu na nusu watu wote hunyamaza. Hicho ndicho kituo. Mgeni huweza kukosea akaanza nusu ya pili kabla ya wenzake, akaona haya wiki nzima. Mtu wa hapa hakosei. Watoto wetu hukijua kituo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Na baba, kati ya watu wote! Kanoni Ambrose Fennimore, mmoja wa mapadri wa Kanisa Kuu, amekaa kiti kilekile cha kwaya tangu nilipokuwa mtoto wa kike wa miaka minne, na muda wote huo amepigania kituo kirefu: pumzi nzima, ivutwe, ishushwe, ndipo mstari uendelee. Adui yake katika jambo hili ni Kanoni Lambert Quayle, Mwimbishi wetu, anayeongoza kwaya kwa kidole akiwa kwenye kiti cha upande wa pili, uso kwa uso na baba. Kwake yeye kituo ni kupepesa jicho, basi. Husema marehemu wana muda, ila wavulana wa kwaya wana njaa.

Leo baba ndiye aliyekivunja kituo. Kidole cha Kanoni Quayle kiliganda hewani, naye akamkazia baba macho kwa muda mrefu. Nilidhani ni hasira.

Tulipokuwa tukivuka nyasi kurudi nyumbani, baba alizungumzia ukungu.

3 Novemba

Kumbe watu wote wameshaamua. Wanasema baba alifanya makusudi, amemwiga Mwimbishi na haraka zake, tena mbele ya umati. Mpishi wetu, Bi Pask, amerudi kutoka kwa mchinjaji akiwa na nyama ya kondoo na hadithi nzima. Nusu ya mji inacheka, nusu imenuna.

Alasiri alikuja Mkuu wa Kanisa, Dakta Inskip, mtu mpole anayeogopa upepo wa mlangoni kuliko anavyomwogopa shetani. Alikunywa chai na koti lake mwilini. Akazunguka, akazunguka, hatimaye akasema ingefaa baba amwombe Kanoni Quayle radhi.

"Kwa lipi?" baba akauliza.

Mkuu akadhani anajibiwa kwa kiburi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na moto, niliuona uso wa baba. Alinitazama kama mwanafunzi anayemngojea jirani yake amnong'oneze jibu. Hakumbuki. Hakumbuki hata kidogo.

Kisha akakaza mgongo, akasema hajawahi kuomba radhi kwa ajili ya Zaburi na hataanza uzeeni.

5 Novemba

Bi Dorcas Quayle, dada yake Mwimbishi anayemtunzia nyumba, amenisimamisha chini ya lango. Ni mwanamke mrefu mwenye kofia ya manyoya ya jogoo, na hunijua tangu nikinyonya kidole.

"Mwambie baba yako mzaha wake umefika," alisema. "Na Lambert hakukigusa chakula cha jioni."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ningeweza kumshika mkono na kusema, Bi Dorcas, sidhani ulikuwa mzaha. Badala yake nikasema, "Haraka ikichekesha, wa kulaumiwa si yule anayeionyesha."

Aliondoka bila kuniaga. Nilirudi nyumbani kwa furaha. Baba ataonekana mtu wa mizaha. Mtu wa mizaha hafukuzwi.

8 Novemba

Mvua.

14 Novemba

Amerudia. Safari hii ni mara mbili katika Zaburi moja, na watu waliinamisha vichwa kuficha tabasamu. Tumeshagawanyika rasmi. Kuna Chama cha Pumzi na Chama cha Jicho. Wanawake wanaopamba kanisa, wale wa Chama cha Jicho, wamehamishia krisanthemu zao upande wa kaskazini, wale wa Pumzi wamebaki kusini, na madhabahu katikati imekaa bila ua kama yatima. Kwa mchinjaji, Bi Pask amemsikia mtu akisema, "Nipe soseji," kisha akavuta pumzi nzima, akaishusha, "ratili mbili." Duka zima likaangua kicheko.

Baba aliposimuliwa alicheka sana, akauliza nani aliyeanzisha mzaha huo mzuri.

20 Novemba

Miwani ya baba ndani ya chombo cha mkate. Jana alifunga vifungo vya kanzu kwa kuruka kimoja, akanituma kumwita mama, ambaye amelala makaburini tangu mwaka wa pili wa vita. Nikatoka hadi ukumbini, nikasimama kidogo, nikarudi kusema hayupo. "Basi, atakuja," akasema.

Daktari wetu huimba besi kwenye kwaya. Kumwita ni sawa na kupanda mnarani na kutangaza.

Niandike ninachokiogopa, pengine kitapungua. Kanoni asiyeweza kazi hupoteza kiti, na anayepoteza kiti hupoteza nyumba. Ndivyo Baraza la Makanoni lilivyomfanyia mzee Prewett. Walimpeleka kwa heshima zote kwenye nyumba ya wazee kando ya bahari, akafa huko kabla ya Pasaka akiwauliza wauguzi kama kengele ya Sala ya Jioni imeshalia. Baba hajui kuishi mahali pasipo na kengele hiyo. Akitolewa hapa hatapona.

28 Novemba, mwanzo wa Majilio

Jambo la ajabu. Leo kituo kimekuwa kama mguu wa kiwete. Mstari mmoja kirefu, wa pili hakuna kabisa, wa tatu kidogo tu. Wavulana walikodoa macho kwenye kidole cha Kanoni Quayle kama panya wanaotazama mkia wa paka. Chama cha Jicho hakikujua pa kuficha uso.

Kwa mara ya kwanza sauti ya baba haikusikika peke yake hata mara moja. Nimeona unafuu usio na kifani, na nitalala bila kujiuliza kwa nini.

5 Desemba

Vilevile. Wanasema ni mvinyo.

12 Desemba

Vilevile, tena vibaya zaidi. Nimemwambia mke wa Mkuu, kwa sauti ya huruma ambayo sasa nikiikumbuka inanichefua, kwamba Kanoni Quayle ameanza kuzeeka. Alinishika mkono akasema ni vizuri kijana awe na moyo wa kusikitikia hata adui.

Nyumbani baba alikula nusu ya supu akaweka kijiko chini.

"Lambert amepoteza mahadhi," alisema. "Umesikia leo?"

"Nimesikia, baba."

"Maskini. Uwe mwema kwao, mwanangu. Mtu akifika hapo si wa kuchekwa." Akafikiri. "Alikuwa na haraka kupita kiasi, lakini alikuwa na mahadhi."

25 Desemba

Krismasi. Bata, theluji kiasi cha kuchafua viatu, baba mchangamfu. Kituo kilichechemea hata kwenye Zaburi za sikukuu. Bi Dorcas hakuleta keki.

6 Januari, Epifania

Baada ya ibada Mkuu ametangaza kwamba Baraza la Sikukuu ya Mishumaa, mwezi ujao, litazungumzia "hali ya uimbaji." Kila mtu ameelewa. Kanoni Quayle ataombwa kuuacha uimbishi, na kwa kuwa nyumba yake ni nyumba ya Mwimbishi, naye atahama. Chama cha Pumzi kilitoka kanisani kikitembea kama watu waliokwisha kushinda uchaguzi. Nilipeana nao mikono. Nilikuwa na glavu, lakini bado nilinawa nilipofika nyumbani.

10 Januari

Machungwa machungu yamefika sokoni. Kila mwaka Bi Pask hukata machungwa jikoni kwetu na sufuria kubwa ya shaba huja kutoka kwa akina Quayle, maana ni yao, na jamu hugawanywa nusu kwa nusu, vita ikiwepo au isipokuwepo. Machungwa yamekaa kwenye kapu siku mbili. Sufuria haijaja. Bi Pask ameapa hatatuma mtu kuiomba, na kila baada ya muda anakwenda dirishani.

11 Januari

Nimeona. Nataka kuandika polepole.

Leo kulikuwa na ukungu mzito na watu wachache. Sikukaa mahali pangu. Nilisimama nyuma ya nguzo iliyo karibu na viti vya upande wa baba, na kutoka hapo nilimwona Kanoni Quayle usoni kwa mara ya kwanza tangu Majilio. Kutoka mahali pangu, mara nyingi humwona kisogoni.

Mwimbishi huwatazama wavulana wake. Kanoni Quayle hakuwatazama. Tangu mstari wa kwanza alikuwa amekaza macho upande wa pili, kwenye mdomo wa baba. Kituo kilipofika, kidole chake kilibaki juu, kikingoja. Baba akanyamaza vizuri kama zamani, pumzi nzima, na kidole kikangoja pumzi nzima. Mstari uliofuata baba akafungua mdomo papo hapo, na palepale kidole kikashuka, kwaya yote ikaingia pamoja naye, sauti thelathini zikiifunika moja. Midomo ya baba ilipotaka kituo, walikipata. Iliposahau, walisahau wote. Mstari baada ya mstari. Jasho lilikuwa likimtiririka Kanoni Quayle katika baridi ile.

Kwa hiyo haikuwa mvinyo, wala uzee, wala kiburi. Tangu Majilio, mtu huyu amekuwa akiiongoza kwaya ya Harnchester kwa ulimi wa baba yangu, ili baba asikike yuko pamoja na wengine. Amevumilia kuitwa mlevi. Amevumilia kuitwa mzee na mimi, msichana mwenye sauti ya huruma.

Na mwanzoni kabisa, Siku ya Marehemu Wote, lile jicho lake halikuwa la hasira. Mji mzima ulisikia mzaha. Yeye alisikia kweli yenyewe: baba ameanza kusahau.

13 Januari

Nilikwenda kwao kwa kisingizio cha sufuria. Bi Dorcas alifungua mlango, akanitazama tangu kofia hadi viatu, akasema, "Naona umepotea njia, maana njia hii huijui tena." Lakini alinipisha.

Kanoni Quayle alikuwa sebuleni, blanketi magotini, paka juu ya blanketi. Nilikuwa nimetunga hotuba. Nilisema, "Unamfuata baba," na hotuba ikaishia hapo kwa sababu nilianza kulia.

"Umechelewa," alisema. "Nilitegemea mtu aliyesoma Kigiriki agundue kabla ya Krismasi."

Bi Dorcas akasimama katikati ya chumba na kikombe mkononi. "Kugundua nini?"

Akamweleza kwa maneno machache. Bi Dorcas akakiweka kikombe mezani.

"Lambert," akasema mwishowe, "nimekufichia chupa ya mvinyo tangu Majilio. Nimekuombea kila usiku. Kwa sauti."

"Nimesikia, Dorcas. Ukuta ni mwembamba."

Nikamwambia Kanoni Quayle nitakwenda kwa Mkuu kueleza yote kabla ya Baraza. Akanikatalia kabisa. Alisema baba amemkosoa miaka ishirini na tatu, asubuhi na jioni, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kusikiliza kazi yake kwa makini kiasi hicho. Wengine walikuja kanisani kusali. Fennimore alikuja kusikiliza. "Mtu kama huyo humwachi aimbe peke yake," alisema. "Wakinitoa, nitalala mchana. Nimekuwa nikitamani kulala mchana tangu niwekwe wakfu."

Lakini nikaona masanduku mawili ukumbini yaliyokwisha kushushwa kutoka darini.

Sikumwahidi chochote. Bi Dorcas alinifuata hadi mlangoni na sufuria ya shaba kifuani kama ngao. "Maganda yakatwe membamba," alisema. "Mwaka jana Pask alikata kama mshona viatu." Kisha akanibusu paji la uso, kwa nguvu, karibu aniumize.

16 Januari

Jamu. Nyumba nzima inanuka machungwa na sukari iliyoungua. Bi Pask alipoambiwa habari ya mshona viatu aliimba mchana kutwa.

23 Januari

Barafu. Siwezi kuamua. Nikinyamaza, Kanoni Quayle anapoteza nyumba kwa kosa lisilo lake, na mimi ndiye niliyeupalilia uvumi. Nikisema, baba ataishia mahali pasipo na kengele. Nimekuwa nikiwapima wazee hawa wawili usiku na mchana kama muuza viazi, na leo tu, nikitazama kunguru wakigombania kipande cha mkate juu ya ukuta, nimetambua kwamba kuna mtu sijamuuliza.

30 Januari

Saa za asubuhi ndizo saa zake nzuri. Nilingoja amalize yai. Nikamwambia yote bila kupamba: kituo, mzaha ambao haukuwa mzaha, nilivyousambaza, kidole cha Kanoni Quayle.

Alisikiliza akiwa amekunja leso yake ya meza mara nne. Nilidhani atakataa. Nilidhani atakasirika, na ningeipokea hasira yake kwa shukrani. Aliuliza tu, "Lambert anajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Naam. Ana sikio zuri." Akakunjua leso. "Sikusema hata siku moja kwamba ana sikio baya. Nilisema ana haraka."

Akatazama nje, kwenye minara.

"Kwa hiyo miezi hii yote anaimba vibaya kwa ajili yangu. Lambert. Inamuua, unajua. Hawezi hata kuvumilia saa inayochelewa." Kisha, polepole, "Na mimi nikamhurumia. Nilikwambia uwe mwema kwao."

"Uliniambia, baba."

"Angalau hilo."

Nikamuuliza tufanye nini. Alisema Mkuu lazima aambiwe, na aambiwe kabla ya Baraza, na kwamba mtu haruhusu mwenzake afukuzwe badala yake, hata kama mwenzake ni Mwimbishi. Nikamuuliza kama atakwenda mwenyewe. Akatabasamu lile tabasamu lake la zamani, la upande mmoja.

"Nenda wewe, mwanangu. Mimi nitasahau njiani."

2 Februari, Sikukuu ya Mishumaa

Nimekwenda. Nilivuka nyasi kukiwa bado na umande wa barafu, nikamkuta Mkuu akiwa na kitambaa shingoni na tosti mkononi, nikasema kila kitu nikiwa nimesimama, pamoja na sehemu yangu. Tosti ilipoa. Alisema jambo moja tu ambalo sikulitarajia: kwamba yeye hana sikio la muziki kabisa, kwamba kwa miaka yote hajawahi kutofautisha kituo kirefu na kifupi, na kwamba alikuwa akiogopa watu wangegundua.

Baraza lilikaa dakika chache, nasikia, na makanoni walitoka wakijikohoza. Kanoni Quayle anabaki na uimbishi. Kiti cha baba ni cha baba hadi atakaposema mwenyewe amechoka, na nyumba pia. Kituo kirudi kama zamani, walisema. Urefu hawakutaja, maana hapo vita ingeanza upya. Kanoni Quayle aliuliza swali moja: kituo kikirudi, Fennimore atafanyaje?

Jibu nililijua tangu nilipokuwa nikivuka nyasi. Sikumwomba Mkuu ruhusa, kwa sababu angelipeleka kwenye Baraza, na Baraza lingeliahirisha hadi Pasaka.

Jioni, mishumaa ilipokwisha kuwashwa, niliingia na baba kwa mlango wa makanoni, nikapanda naye ngazi mbili za mbao, nikaketi kwenye kiti kitupu kilicho kushoto kwake, kile cha marehemu Prewett. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa hapo. Nilisikia mnong'ono ukienda hadi nyuma na kurudi. Bi Dorcas, chini, aligeuza kofia yake ya jogoo na kuwatazama wote, mnong'ono ukafa.

Niliweka mkono juu ya mkono wa kanzu ya baba. Zaburi ikaanza. Kanoni Quayle alikuwa akitutazama kutoka upande wa pili, kidole juu. Nusu ya kwanza ikaisha. Nikahisi mkono wa baba ukijikaza kutaka kuendelea, nikaubonyeza kidogo, akatulia. Kanoni Quayle aliona. Kidole kikabaki juu, kikabaki, kwa pumzi nzima, ikavutwa, ikashushwa. Kisha tukaingia wote.

"Kirefu mno," baba aliniambia sikioni tulipokuwa tukitoka, akiwa na furaha tele.

Ndivyo nilivyofanya. Kiti hicho nimeshakikalia, na mto wangu wa kukalia nimeuacha pale juu, kwa ajili ya kesho.